Umeomba Kompyuta, Mbona Wanakufundisha Fizikia?

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakishatoka, furaha ya wiki ya kwanza huwa kubwa. Halafu kijana wa Mbinga au wa Mbamba Bay anafungua orodha ya masomo ya semista ya kwanza na uso unabadilika. Ameomba Umeme, amekuta Kemia. Ameomba Kompyuta, amekuta Fizikia na hesabu tupu. Alidhani ameachana na asidi na besi siku aliyokabidhi karatasi ya mwisho ya NECTA, kumbe zimemtangulia chuoni.

Kama ni wewe, au kama ni mwanao na ada inatoka kwenye kahawa, mwongozo huu unakuhusu. Sitakwambia kwamba sayansi ni msingi wa maendeleo. Hilo umelisikia kwenye kila mahafali. Nitakuonyesha kozi hizo zinafanya kazi wapi katika wilaya zetu mbili, Mbinga na Nyasa, kisha tuzungumze namna ya kuzisoma bila kuzama.

Jibu lenyewe ni hili. Kila kifaa huja na kitabu chake cha maelekezo, na kitabu hicho kimeandikwa na mtu ambaye hajafika Litembo wala Lituhi. Aliandika akiwa na mazingira mengine kichwani: usawa wa bahari, nyuzi joto 25, maji safi, umeme usioyumba. Anayejua kifaa tu hufuata kitabu mpaka kinapoishia, na hapo naye anaishia. Anayejua kanuni ya asili iliyo ndani ya kifaa anaweza kukisahihisha kitabu. Chuo kinakulazimisha Fizikia ili uwe huyo wa pili.

Chukua barabara ya lami ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 66 hivi. Mji wa Mbinga uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi. Kwa safari hiyo fupi unashuka zaidi ya mita 800, na karibu kila kitu anachokishika fundi kinabadilika tabia njiani.

Anza na maji ya moto. Mbinga mjini maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza kutoka juu ni pungufu. Mama anayepika maharage analijua jambo hilo kwa kuni anazozimaliza. Sasa wewe wa kompyuta umeunda kifaa cha kupima joto la banda la vifaranga. Umeandika programu safi, na ili kukihakiki umetumbukiza kihisi kwenye sufuria inayotokota, ukaiambia programu kwamba hapo ni 100. Umeshaingiza kosa la nyuzi nne, nalo litakufuata katika vipimo vyote. Unaweza kukesha unapitia mistari ya programu mmoja baada ya mwingine na usilione, kwa kuwa haliko kwenye mistari. Liko kwenye sufuria. Lingetibiwa na somo la mgandamizo wa hewa, lile ulilolikariri sekondari ukalisahau jioni yake.

Jenereta nayo inaishi kwa hewa hiyo hiyo. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua. Ukiinunua Dar es Salaam imeandikwa kilowati 10, Mbinga usitegemee hata 9. Fundi asiyelijua hilo atafungua nozeli, atabadilisha filta, na mwisho atamlaumu muuza mafuta.

Paneli za sola zina vituko vyake, tena vya kinyume na watu wanavyodhani. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Mbamba Bay, saa saba mchana, paneli inaweza kufika nyuzi 60, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hupoteza takriban asilimia 0.4. Hapo umeshapoteza kama asilimia 14 kabla hujawasha taa. Ukipanda Umatengo, yaani milimani Mbinga, mwezi wa Saba, asubuhi ya baridi yenye jua kali, mambo yanageuka: volteji ya paneli hupanda kupita ile iliyoandikwa. Kama uliziunga paneli kwa mfululizo mpaka ukingoni mwa uwezo wa chaji kontrola, siku ya kuiunguza ni hiyo ya baridi. Mteja atasema umemuuzia kitu feki. Wewe utajua kwamba kinachozungumza hapo ni silikoni, na tabia ya silikoni mbele ya joto hufundishwa kwenye ile Fizikia unayoinunia.

Mfano mwingine wa barabara hiyo ni lori. Lori la tani 20 likishuka mita 800 linaachia nishati ya megajuli 157 hivi, ambayo ingetosha kuchemsha karibu lita 480 za maji ya baridi. Lazima iende mahali. Dereva akiikabidhi breki peke yake, yote inakuwa joto kwenye breki, nazo zikishapata moto sana hazishiki. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka kwa gia nzito, injini ichukue sehemu ya mzigo. Wao walijifunza kwa macho na kwa misiba. Wewe unayesomea magari unapewa mlingano wa mstari mmoja, na bado unauliza unakusaidia nini!

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kipima unyevu cha kahawa, kwa sababu kila nyumba ya Mbinga ina pesa ndani yake.

Mkulima analeta kahawa iliyokaushwa kwenye chama cha msingi. Karani anachota, anajaza kikombe cha kipimo, anabonyeza, namba inatokea. Kahawa inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 11 hivi. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 14 lina kilo 86 tu za kahawa kavu. Likikaushwa mpaka 11 litabaki na kilo 96.6. Kwa hiyo kipimo kikidanganya kwa alama tatu, kilo 3.4 za kila gunia ni maji, na kuna mtu anayalipia. Kikidanganya kwa upande wa pili, mkulima anaambiwa arudi akaanike kahawa ambayo imeshakauka, ipasuke na kupoteza uzito.

Kifaa hicho hakiyaoni maji. Kinapitisha umeme mdogo kati ya bamba mbili zilizozungukwa na kahawa na kupima chaji ngapi zinahifadhika hapo. Molekyuli ya maji ina upande mmoja chanya kidogo na mwingine hasi kidogo, hivyo hujigeuza kuufuata umeme, na maji huhifadhi chaji kama mara 80 kuliko hewa. Mbegu kavu haifiki hata mara tano. Ndiyo maana maji kidogo sana ndani ya punje hubadilisha namba kubwa. Ila kugeuka huko kwa molekyuli kunategemea joto, kwa hiyo kahawa iliyotolewa kichanjani sasa hivi, bado ya moto, haisomeki sawa na iliyolala kivulini, isipokuwa kifaa kimepangwa kusahihisha joto na kimehakikiwa. Hesabu sasa kozi zilizomo kwenye kikombe kile: Kemia ya molekyuli, Fizikia ya umeme tuli, na programu inayogeuza chaji kuwa asilimia. Mwanafunzi wa kompyuta aliyepewa kazi ya kuandika programu hiyo na hajui kwa nini joto linaingia kwenye hesabu ataandika kitu kinachofanya kazi vizuri mezani na kumwibia mkulima juani.

Biolojia nayo ina mahali pake, ingawa wahandisi wengi huidharau. Kahawa ikishamenywa hulowekwa ili ute wake uoze na kulegea. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu na vimeng'enya, na kwenye baridi vinakwenda taratibu. Muda uliotosha kijiji cha bondeni hautoshi kijiji cha juu. Maji yanayotoka hapo yana asidi na uchafu unaokula oksijeni ya mto. Mhandisi anayejenga mtambo wa kuchakata kahawa bila kujua hilo atapeleka bomba mtoni, kwa kuwa ndiko kuliko na mteremko, na wanaochota maji chini ndio watakaomlipia.

Teremka sasa ziwani. Wavuvi wa usipa huvua usiku kwa taa, na taa za sola zimechukua nafasi kubwa ya karabai. Kuna kijana atakayetaka kuunda taa bora na kuuza mwambao mzima, kuanzia Lituhi mpaka Liuli na kuendelea kusini. Swali lake la kwanza lisiwe wati. Liwe rangi. Maji hunyonya mwanga mwekundu ndani ya mita chache za mwanzo, wakati bluu na kijani hushuka mbali zaidi, hasa kwenye maji maangavu kama ya Nyasa. Taa ya njano inayong'aa sana machoni pako inaweza kumfikia samaki ikiwa imechoka. Huo ni ukurasa mmoja wa somo la mwanga.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 700 hivi, lakini maji yake hayachanganyiki mpaka chini; kuanzia takriban mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Anayepanga vizimba vya kufugia samaki au bomba la kuvutia maji bila kulijua tabaka hilo anacheza bahati nasibu. Kisha kuna kichocho. Mdudu wake hupitia kwenye konokono wa majini, na kwenye ziwa hili watafiti wamehusisha kuenea kwake na kupungua kwa samaki wanaokula konokono. Fundi wa maji atakayejenga sehemu ya kuchotea kwenye majani ya ufukweni, mahali konokono wanapopenda, amejenga kwa saruji nzuri kitu kibaya.

Vya umeme wa gridi nitavipita haraka, maana vinajieleza. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kwa nini kilovolti 220 na si hizi volti 230 za nyumbani? Kwa sababu nishati inayopotea njiani inafuata mraba wa mkondo: pandisha volteji mara 10, mkondo unashuka mara 10, upotevu unashuka mara 100. Na mitambo ya maji kama ule wa Tulila, ambao masista Wabenediktini wa Chipole waliujenga kwenye Mto Ruvuma, inaanza na hesabu moja: mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikianguka mita 10, ina kilowati 98 na si zaidi, hata ulete mashine kutoka wapi. Ukiijua hesabu hiyo, hakuna muuzaji atakayekuuzia mtambo mkubwa kuliko kijito chenu.

Wa ujenzi wasidhani wamesalimika. Wazee wa Umatengo walichimba ngoro kwenye miteremko mikali, vishimo vilivyopangwa kama mraba vinavyokamata maji ya mvua yasiondoke na udongo, zaidi ya miaka 100 kabla ya wewe kuandikishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikuja kuzisoma. Waliozibuni hawakuwa na kozi ya mwendo wa maji, lakini waliyachunguza maji. Wewe uliyekata mtaro wa barabara kwa kufuata kamba tu ukaona korongo baada ya masika huwezi kusema wewe ndiye uliyesoma.

Sasa vyuo. Usione kwamba mwalimu wako ameamua kukutesa. Mitaala ya stashahada, ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, huweka sayansi na hesabu mwanzoni, na vigezo vya kujiunga na fani nyingi za uhandisi katika vyuo kama DIT, MUST ya Mbeya na Chuo cha Ufundi Arusha vinataka ufaulu wa Fizikia na Hisabati tangu kidato cha nne. Duniani nako ni hivyo hivyo. Makubaliano ya Washington ya 1989 yanayohusu wahandisi, ya Sydney ya 2001 yanayohusu wateknolojia, na ya Dublin ya 2002 yanayohusu mafundi sanifu, yote yanaweka sayansi asilia miongoni mwa maarifa ya lazima. Tofauti iko kwenye kina, si kwenye kuwepo.

Hata hivyo malalamiko mengine ni ya haki, na sitayafunika. Ziko kozi za sayansi zinazofundishwa kana kwamba darasa ni la madaktari watarajiwa: Kemia ya mwaka mzima bila kutaja betri hata siku moja. Yako maabara yenye foleni ya wanafunzi 20 kwenye multimita moja. Na kuna madesa yanayorithishwa tangu mwaka gani sijui, ambayo ukiyakariri unapata B na hukumbuki kitu. Usisubiri mtaala ubadilishwe. Kazi ya kuifunga kozi kwenye fani yako ifanye mwenyewe, kwa njia hizi.

Kama bado uko sekondari, angalia kombi kabla ya kuangalia jina la kozi. PCM na PGM zinafungua milango mingi ya uhandisi. Kombi ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta inafaa anayejua kwa hakika anakotaka kwenda. Mwongozo wa udahili wa TCU na ule wa NACTVET hutoka kila mwaka, na vigezo vinaweza kubadilika, kwa hiyo soma wa mwaka wako, si wa kaka yako. Waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita wana pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Na kama uko kwenye mkondo wa amali, usiufanye maficho ya kukimbia hesabu. Zitakusubiri mlangoni mwa chuo.

Kama msingi wako ni dhaifu, na wengi wetu wa shule za kata mwalimu wa Fizikia tulimwona kwa msimu, usianze na vitabu vya chuo. Rudi kwenye vitabu vya kidato cha pili na cha tatu: vipimo, nishati, joto, mkondo na ukinzani, mawimbi. Mwezi mmoja wa kuvipitia kabla ya kuripoti una faida kuliko semista nzima ya kukimbizana na wenzako. Hesabu ifanye kwa kalamu. Kutazama mtu akikokotoa kwenye simu si kusoma.

Ukishafika, kila wiki chukua somo moja ulitafutie kifaa. Umefundishwa asidi na metali? Kapime betri ya sola: ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Jiulize kwa nini inaongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na si ya bomba wala ya ziwani, na kwa nini hairuhusiwi kuwasha kiberiti karibu nayo inapochajiwa. Majibu yote mawili yako kwenye Kemia ya semista ya kwanza: madini ya maji yanaharibu bamba za risasi, na hewa inayotoka ni hidrojeni.

Halafu lieleze somo kwa Kiswahili. Tangu kidato cha kwanza umefundishwa sayansi kwa Kiingereza, na ni rahisi mno kukariri sentensi ukadhani umeelewa. Nenda kwa mama mdogo anayeuza vocha kwa umeme wa sola ukamweleze kwa nini betri yake inakufa mapema mahali pa joto. Akikukatiza na kuuliza, "Sasa mwanangu, nifanyeje?" na wewe unajibu kwa istilahi, rudi kwenye daftari.

Si lazima upende kozi zote sawasawa. Wa umeme na wa magari waipe Fizikia nguvu ya kwanza. Wa maji, mazingira na usindikaji waanze na Kemia, wasiiache Biolojia. Wa madini, na tuna makaa ya mawe Ngaka, wasicheze na Kemia wala Jiografia ya miamba. Wa kompyuta wasome Hisabati kama chakula, kisha Fizikia ya umeme na ya vipimo, kwa kuwa data wanayoichakata imetoka kwenye kihisi, na kihisi kiko kwenye dunia hii yenye baridi na joto.

La mwisho ni la ratiba. Kozi hizi ziko mwanzoni, ndiyo maana ndizo zinazowapeleka wengi kwenye sapu, mitihani ile ya marudio, na usipozimaliza huko unabeba somo la mwaka wa kwanza wakati wenzako wako mafunzo kwa vitendo. Wapo waliodisko, yaani walioondolewa chuoni, kwa Hisabati na Fizikia wakiwa mafundi wazuri wa mikono. Kwa hiyo mwone mwalimu wa kozi wiki ya pili, si wiki ya mtihani, na umpelekee swali lenye kitu cha kwenu ndani yake. Ukirudi likizo ya katikati ya mwaka, msimu wa kahawa utakuwa umeanza. Nenda kwenye chama cha msingi cha kijijini kwenu, mwombe karani akuruhusu upime kahawa ile ile mara mbili, ikiwa ya moto kutoka juani na ikiwa imepoa kivulini, na uandike namba zote mbili.